Mgeni Siku Mbili: Nyimbo za Pop za Miaka ya Themanini katika Masikio ya Mwenyeji

Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuanza na kitabu. Mimi naomba nianze na basi.

Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi, nimebanwa katikati ya mama na dirisha, tunatoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Siku hizo kila basi la mikoani lililojiheshimu lilikuwa na luninga ndogo nyuma ya kiti cha dereva. Safari yote ilikuwa ni filamu za Kinaijeria mpaka Korogwe, halafu video za nyimbo za zamani za Kizungu mpaka Ubungo. Basi ukaja wimbo mmoja wa Michael Jackson. Kabla muziki haujakolea, sauti ya mwanamke ikatamka maneno machache ya mapenzi, kwa Kiswahili. Abiria wakainua vichwa. Waliokuwa wamelala wakaamka. Konda, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaijibu luninga: "Nimesikia dada, lakini nauli utalipa!" Tulicheka basi zima, na mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Miaka kumi na kitu baadaye nimekuja chuoni kusoma fasihi simulizi, nikafundishwa kwamba hadhira si watu wa kukaa kimya tu, bali ni sehemu ya kazi yenyewe ya sanaa. Nilimkumbuka konda yule papo hapo. Swali likanijia, na halijaniacha mpaka leo: hivi yule mwanamke wa kwenye wimbo alikuwa anaongea na nani?

Makala haya yanachunguza nyimbo chache zilizovuma miaka ya themanini, na video zake, kwa kuuliza mambo matatu tu. Wimbo unataja nchi ya nani? Unatumia lugha ya nani? Unamwambia nani? Nakusudia kuonyesha kwamba maswali haya matatu hayajibiwi kwa pamoja, na kwamba katika mwanya uliopo kati yake ndimo mimi na wenzangu wengi tulimokulia.

Muktadha: wimbo uliokuja bila sura

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki: kijana aliyezaliwa mwaka 2003 anajua nini kuhusu miaka ya themanini? Jibu ni kwamba nyimbo zile hazikufa. Kwetu zilitunzwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alikuwa na redio kaseti moja, kasha la biskuti lililojaa kanda, na kalamu ya Bic ya kurudishia utepe kila ulipochomoka. Mjomba alikuwa kijana katika miaka hiyo. Mimi nilizikuta nyimbo zake nyumbani kama nilivyozikuta sufuria na viti.

Sasa kuna jambo la kihistoria ambalo haliwezi kupuuzwa. Kule Marekani, kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na tangu hapo wimbo wa pop haukutungwa tena kwa ajili ya sikio peke yake. Ulitungwa utazamwe. Mwezi Desemba 1983 Michael Jackson alitoa video ya "Thriller", iliyoongozwa na John Landis, mwongozaji wa filamu. Ilikaribia dakika 14 na ilikuwa na hadithi, wahusika na mandhari yake. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Sisi wa bara tulikuwa na redio, kaseti za kurekodiwa madukani, na deki ya video kwa wachache wenye uwezo wao.

Maana yake ni nini? Ni kwamba wimbo uliotengenezwa pamoja na sura yake ulifika kwetu umevuliwa sura. Kijana wa Los Angeles aliusikia na kuuona. Kijana wa Moshi aliusikia tu, na hiyo sura ikabidi aitafute mwenyewe kichwani. Wenzangu wengi wanaliona hilo kama upungufu. Mimi, kama nitakavyoeleza, nina mashaka.

Nchi bila lugha

Wimbo mkubwa katika kasha la mjomba ulikuwa "Africa", wa kundi la Toto la Marekani. Ulitoka mwaka 1982, na Februari 1983 ulishika nafasi ya kwanza katika chati za kwao. Watunzi ni David Paich na Jeff Porcaro, na Paich mwenyewe amekwisha kusema kwamba alipouandika alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika.

Mjomba anaupenda kwa sababu moja ya wazi: unautaja Mlima Kilimanjaro. Na mjomba anakula kwa mlima huo. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa mpagazi, au kama wanavyojiita wenyewe, "mgumu". Yaani yule anayebeba kichwani hema, jiko la gesi na begi la mgeni, kilo 20 na mara nyingine zaidi, ili mgeni apande mikono mitupu.

Tuuhakiki wimbo. Kwanza, jiografia. Mtunzi anauinua Kilimanjaro juu ya Serengeti, wakati kati ya mlima na mbuga hiyo kuna zaidi ya kilomita 200, na katikati humo umo Mlima Meru, mji wa Arusha na Ngorongoro. Kosa hili ni dogo. Washairi wote huhamisha milima.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni tashibiha. Mtunzi anaufananisha Kilimanjaro na Olympus, mlima wa miungu ya Wagiriki. Tulifundishwa sekondari kwamba tashibiha huchukua kitu kisichojulikana na kukilinganisha na kinachojulikana ili msikilizaji aelewe. Vema. Kinachojulikana na nani? Olympus una mita 2,917. Kilimanjaro una mita 5,895. Ukichukua Olympus mbili ukazibebanisha, Kilimanjaro bado unazizidi kwa mita 61. Mtu wa Marangu hahitaji Olympus ili aelewe Kilimanjaro. Anahitaji kufungua mlango asubuhi. Tashibiha hii, basi, inatuambia hadhira ya wimbo ni nani, na hadhira hiyo si sisi.

La tatu ndilo linaloniuma. Katika wimbo mzima kuna Mwafrika mmoja tu, mzee anayesimamishwa njiani na msimulizi anayetaka kusikia maneno ya kale. Mzee hasemi. Anageuka tu, na msimulizi ndiye anayekisia mzee angetaka kusema nini. Yaani amesimamishwa kuulizwa, halafu jibu akatungiwa! Video, iliyoongozwa na Steve Barron, inaendeleza yale yale. Karibu yote imo ndani ya chumba cha vitabu. Mtafiti wa Kizungu anatafuta kitabu kilichochanwa kipande cha picha. Mtu mwenye mkuki anamnyemelea. Mkuki unarushwa, vitabu vinaanguka, taa inawasha moto ukurasa uliokuwa unatafutwa. Mwenye mkuki naye hasemi neno.

Hapa tuna nchi bila lugha. Jina la mlima limo, waliozaliwa chini yake hawamo.

Lugha bila nchi

Turudi kwenye basi. Wimbo ule unaitwa "Liberian Girl", umo katika albamu ya Bad ya mwaka 1987, na maneno ya Kiswahili yanatamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Hebu tuhesabu: mwimbaji ni Mmarekani, msichana anayesifiwa ni wa Liberia, sauti ni ya Afrika Kusini, na lugha ni ya kwetu. Liberia iko upande wa pili wa bara, na Kiswahili si lugha yake. Zaidi ya hayo, neno la kumwita mpenzi limepewa kiishio chenye maana ya "wake" badala ya "wangu". Yaani anatamka kwamba anampenda, halafu anamwita mpenzi wa mtu mwingine. Kwa kosa la kiambishi kimoja, mapenzi yamegeuka fumanizi!

Kiswahili hapa hakikutumika kusema jambo. Kimetumika kama manukato: kinanukia Afrika, basi. Na hii haikuwa mara ya kwanza. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, wasanii wa Marekani walipokutana kurekodi "We Are the World" kwa ajili ya waliokuwa wakifa njaa Ethiopia, Stevie Wonder alipendekeza waingize maneno ya Kiswahili. Ukazuka ubishi studioni, na Waylon Jennings, mwimbaji wa nyimbo za kantri, akatoka zake. Ilibidi watu wakumbushwe kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Nia ilikuwa njema, sibishi. Lakini kumfariji mtu wa Wollo kwa lugha ya Unguja ni sawa na kumpa pole Mgiriki kwa Kinorwe, kwa sababu wote ni Wazungu.

Hata hivyo, nina jambo la kuutetea wimbo wa "Liberian Girl", nalo limo katika video yake ya mwaka 1989. Inaanza na mandhari ya mkahawa wa kizamani wa "Afrika", mwanamke anatamka yale maneno yake. Mara taa zinawashwa, na tunaona kwamba yote yale ni jukwaa la kupigia filamu: kuta za mbao, kamera, na mastaa kibao wa Hollywood wakimngoja Michael Jackson. Mwishowe anaonekana, kumbe muda wote alikuwa nyuma ya kamera. Kwa maoni yangu hapa picha imesema ukweli ambao wimbo haukuusema. Imekiri kwamba Afrika hii ni ya kujengwa kwa mbao na kubomolewa jioni. Kwa hiyo siungani na wanaodai kwamba video daima huua fikra za msikilizaji. Mara nyingine video ndiyo mhakiki wa kwanza wa wimbo wake.

Lugha na nchi, kwa ajili ya mgeni

Mtu atasema: wageni waacheni, je, sisi wenyewe? Swali zuri. Mwaka 1982, mwaka ule ule wa "Africa", kundi la Them Mushrooms kutoka pwani ya Kenya lilitoa "Jambo Bwana". Mwaka uliofuata Boney M. wakaurekodi kwa namna yao, na ukazunguka dunia. Hapa lugha ni ya watunzi, nchi ni ya watunzi. Je, wanamwambia nani?

Salamu yenyewe inajibu. Sisi tunasema "hujambo", "habari", na vijana "mambo". Hiyo "jambo" tupu, isiyo na kiambishi cha nafsi, tumemtengenezea mgeni ili asipate taabu ya sarufi. Ni wimbo wa mwenyeji anayetabasamu mlangoni mwa hoteli. Na msidhani nawadharau watunzi wake. Ni kazi ya ustadi, nyepesi kukumbukwa, na imewalisha wengi. Mmoja wa waliolishwa ni mimi. Maana kule mlimani, siku ya mwisho, kabla bahasha ya bahshishi haijafunguliwa, wagumu hupangwa mstari na kuwaimbia wageni wimbo huo huo, na jina la Kilimanjaro likichomekwa ndani. Mjomba ameuimba mara mamia, magoti yakiuma. Daftari zangu za sekondari zilinunuliwa kwa wimbo huo.

Ndiyo maana siwezi kuandika neno "ubeberu wa utamaduni" nikaweka nukta na kwenda kula chakula cha mchana, kama wanavyofanya baadhi ya wenzangu kwenye semina. Dhana hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, kwani inamfanya msikilizaji kuwa chombo kitupu kinachomiminiwa. Wala siafikiani na wale wa upande wa pili wanaosema "bwana, hiyo ni burudani tu". Burudani inayolipa ada si "tu".

Anayesema na wake, mgeni akasikiliza

Kaseti iliyochakaa kuliko zote katika lile kasha ni ya Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akavuma na Super Matimila. Alifariki mwaka 2010, na mpaka leo ukipita Sinza kuna kituo kinachoitwa Kwa Remmy.

Dokta Remmy aliimba juu ya kifo, umaskini na unyonge, kwa Kiswahili chenye lafudhi yake, akiwasemesha watu aliopanda nao daladala. Alipokilalamikia kifo hakumtafsiria mtu. Na kilichotokea ni cha ajabu: wageni ndio waliofunga safari ya masikio. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Ni Gabriel yule yule ambaye video yake ya "Sledgehammer", ya mwaka 1986, iliyojaa ufundi wa picha, ilizoa tuzo tisa za MTV mwaka 1987. Mtu aliyeufikisha wimbo wa picha kileleni ndiye aliyemfungulia mlango mwimbaji ambaye sisi tulimjua kwa sauti tu. Jina la albamu liko kwa Kiingereza, naam. Mlango una mwenye nyumba wake. Lakini maneno yaliyomo ndani hayakubadilishwa nafsi ili kumridhisha mgeni. Maswali yangu matatu hapa yanapata jibu moja: nchi yetu, lugha yetu, na anayeambiwa ni sisi.

Kwa mizani ya fani na maudhui, ningeweza kuishia hapa: Toto wameshindwa, Remmy amefaulu, asanteni. Lakini nilijaribu kuishia hapo, na gharama yake nataka kuieleza.

Nilivyomkosea mjomba

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na simu mpya na nadharia mpya. Mjomba alikuwa amekaa na wagumu wenzake watatu, wimbo wa "Africa" unacheza. Nikawaonyesha video, kwa mjomba ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miaka karibu arobaini ya kuusikiliza. Alitazama maktaba, mkuki, moto. Ilipokwisha akauliza, "Sasa mjomba, mlima uko wapi?" (Mimi na yeye tunaitana mjomba, kama ilivyo desturi.)

Nami nikatoa mhadhara. Nikaeleza kilomita, Olympus, mzee asiyesema, na mtunzi ambaye hakuwa amefika. Nilikuwa sahihi kila neno. Wenzake wakacheka, mmoja akasema, "Kumbe ulikuwa unaimba matusi yako mwenyewe." Mjomba akazima redio, akaenda kuangalia ng'ombe. Likizo iliyofuata kaseti ile haikuwamo kwenye kasha, na mama akaniambia haipigwi tena.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Uhakiki unaomnyang'anya mtu wimbo wake na kumwacha mikono mitupu una kasoro gani? Kasoro ni kwamba nilimfanyia mjomba kile kile ambacho Toto walimfanyia mzee wa njiani. Nilimsimamisha, nikamtungia jibu. Sikumuuliza.

Safari hii nikauliza. Nilimwambia, "Mjomba, shikamoo, na nisamehe kwa ya siku ile. Ulipokuwa unausikia wimbo ule zamani, kabla sijakuonyesha video, ulikuwa unaona nini?" Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba alikuwa akimwona baba yake, yaani babu yangu, akishuka mlimani kwenye mvua na gunia kichwani likimkinga, huku yeye akiwa mtoto amesimama njia panda akimsubiri. Zile ngoma za mwanzo wa wimbo zilikuwa hatua za baba yake. Kiingereza hakujua. Alishika jina la mlima tu, mengine akayajaza mwenyewe.

Nilisema nina mashaka kama wimbo kukosa sura ni upungufu, na sababu yangu ni hii. Mtu ambaye Toto hawakumweka mlimani, mjomba alimweka. Mzee aliyekosa sauti katika wimbo, alikuwa na mwendo, mvua na mtoto wa kumngojea katika kichwa cha msikilizaji wa Moshi. Hiyo ni kazi ya sanaa, na haimo katika kaseti wala katika video. Imekuwa ikikaa sebuleni kwetu miaka yote, nami nikaipita kwenda kuitafuta maktaba.

Hitimisho

Hukumu yangu juu ya maneno ya wimbo ule haijabadilika: ni mabaya kwetu, na tashibiha yake imesimama kichwa chini. Kilichobadilika ni kujua kwamba hukumu ya maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwuliza aliyesikia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyimbo hizi zimekaa kwetu zaidi ya miaka arobaini, ugeni umekwisha. Tusizifukuze, na tusiendelee kuzitandikia kitanda. Tuzipe jembe. Yaani tuwaendee wajomba, mama wadogo na makonda wa mabasi, tuandike walichokiona kichwani wakati luninga hazijafika, kabla hawajaondoka nacho. Wenzangu wa kozi ya fasihi simulizi tunaokwenda uwandani kila mwaka kukusanya ngano na vitendawili, hebu mwaka huu tuongeze na kasha la biskuti.

Mjomba hajairudisha kaseti. Ila juzi kwenye simu aliniuliza kama naweza kumwekea wimbo ule kwenye memori kadi. Akasisitiza: "Sauti tu, mjomba. Ile video bakia nayo wewe."